Vipande 36, kioo kimoja: jinsi darubini za Keck zinavyolinda umbo la vioo vyake

Mabibi na mabwana, picha ya darubini huwa kali pale tu uso wa kioo unapokuwa sahihi kwa kiasi kidogo kuliko wimbi la mwanga, ambalo lina urefu wa nanomita 400 hadi 700. Na mwanga ukigonga kioo hurudi, hivyo kosa la nanomita 50 usoni huwa 100 kwenye wimbi.

Darubini mbili za Keck ziko kileleni Mauna Kea, Hawaii. Kioo kikuu cha kila moja kina upana wa mita 10. Kingekuwa kipande kimoja, kingelemewa na uzito wake. Mwanaastronomia Jerry Nelson na wenzake wakakigawa vipande 36 vya pembe sita, kila kimoja upana wa mita 1.8 na unene wa sentimita 7.5.

Nyuma ya kila kipande kuna visukumio vitatu. Vinatosha, maana kipande hupanda au kushuka, huinama huku, huinama kule, basi. Jumla ni visukumio 108. Vinaongozwa na vihisi 168, yaani vifaa vya kupima tofauti ya kimo, viwili katika kila mpaka wa majirani. Ubunifu wake ni mzuri kweli: ulimi wa kipande kimoja hukaa katikati ya bamba mbili za jirani bila kugusa. Kipande kikipanda, nafasi moja hupungua, nyingine huongezeka, na chaji ya umeme inayoshikwa kila upande hubadilika. Kompyuta hutafuta mkao unaokubaliana na vipimo vyote kwa kosa dogo kabisa, kisha hurekebisha mara mbili kwa sekunde. Kasi hiyo yatosha, kwa kuwa fremu ya chuma hupinda polepole darubini inapofuata nyota, na husinyaa polepole usiku ukipoa.

Ugumu uko hapa: kihisi hulinganisha jirani na jirani tu. Kioo kizima kikiongezeka kina kidogo, kama bakuli, tofauti kwenye kila mpaka huwa ndogo mno. Fokasi, yaani ukali wa picha, inapotea na vihisi haviwezi kuonya vya kutosha. Vumbi na unyevu navyo hupotosha vipimo. Kwa hiyo sifuri ya kila kihisi, yaani kipimo chake vipande vikiwa sawasawa, huwekwa kwa kutumia nyota: kamera maalumu hupima mwanga wake unaoangukia mpaka wa vipande viwili na kuonyesha kipi kimezidi kimo. Vipande vikitolewa kupakwa alumini upya, kazi hii lazima irudiwe.

Inabaki hewa, inayovuruga picha na kubadilika mamia ya mara kwa sekunde. Kioo kikubwa hakiwezi kuikimbiza. Kazi hiyo hupewa kioo kidogo chembamba chenye visukumio 349, kikiongozwa na nyota angavu iliyo karibu. Ikikosekana, leza huwasha atomi za sodiamu kilomita 90 hivi juu yetu, ziwe kama nyota ya kuongozea. Lakini mwanga wa leza hupanda na kushuka katika hewa ileile, hivyo kuyumba kwa picha nzima hakupimiki kwa njia hiyo. Kwa kipimo hicho kimoja bado inahitajika nyota halisi, hata hafifu.