Valentine Ilianza na Ndege, Sio na Padri

Jamani hili nalirudia kila Februari na bado watu hawataki kulisikia. Ile stori ya padri Valentine aliyefungisha wanajeshi ndoa za siri, kaisari Claudius akamkata kichwa, na kabla hajafa akamwandikia barua binti wa mlinzi wa jela, mnaijua, imeshapita kwenye magrupu yenu yote, siimalizii. Haina ushahidi! Claudius wa Pili alitawala 268 mpaka 270 tu, na hamna sheria yake yoyote ya kukataza ndoa iliyowahi kuonekana. Halafu Valentine wenyewe sio mmoja, kuna padri wa Roma na kuna askofu wa Terni, mji wa Italia, wote tarehe 14 Februari, na masimulizi yao ya zamani ni ya kuponya wagonjwa na kufia dini, mapenzi hamna kabisa.

Najua kuna mtu hapo nyuma anajiandaa kusema si ndio, ni sikukuu ya wapagani, Lupercalia. Kaka na wewe subiri. Lupercalia ilikuwepo kweli, 15 Februari, walichinja mbuzi na mbwa, ngozi wakakata mikanda, vijana wakakimbia karibu uchi wakiwachapa wanawake ili wapate uzazi, na Papa Gelasius akaipiga vita mwishoni mwa karne ya 5. Sasa niletee andiko la enzi hizo linaloiunganisha na Valentine, hulipati. Hilo la vijana wa Kirumi kuokota majina ya wasichana limeandikwa Uingereza karne ya 18, miaka zaidi ya elfu baadaye, na watu wazima wanalisimulia kama walikuwepo!

Ilipoanzia ni kwa washairi. Miaka ya 1380 Geoffrey Chaucer wa Uingereza aliandika shairi la ndege wanaokusanyika siku ya Valentine kila mmoja achague mwenzake, na yeye na wenzake wa wakati ule ndio wa kwanza tunaowasoma wakiifanya siku hii ya wapendanao. Ndege ndugu zangu, ndege wa kwenye shairi.

Na mkitaka mtu wa kweli, aliyependa kweli, chukueni Margery Brews wa Norfolk, Uingereza, huyu simruki. Februari 1477 alikuwa anataka kuolewa na John Paston, na kwao enzi hizo baba wa binti ndiye aliyekuwa anatoa mali, sasa mzee akakataa kuongeza. Mama mtu anamwalika John aje nyumbani Alhamisi usiku, maana Ijumaa ni siku ya Valentine, anamkumbusha kwamba siku hiyo kila ndege anachagua mwenzake, mnaona shairi limeshaingia majumbani? Margery naye anamwandikia John, anamwita Valentine wake mpendwa, anamwambia hana afya ya mwili wala ya moyo mpaka amsikie, kwamba mama kahangaika kwa baba lakini hakuna kilichoongezeka, na kama unanipenda hutaniacha kwa sababu hiyo, mimi hata ungekuwa na nusu ya mali uliyonayo nisingekuacha. Binti wa karne ya 15 huyo, anaongea mahari na mapenzi kwenye karatasi moja, waziwazi! Na walioana mwaka huohuo. Barua ipo mpaka leo, British Library, London. Sasa mtu ana barua kama hii halafu anang'ang'ania padri wa kutungiwa, inaniuma sana, maana huyu dada aliishi na maneno yake tunayo.

Yaliyobaki haraka haraka, naona nafanyiwa ishara. Stempu ya penny moja ya 1840 Uingereza ilifanya kadi kuwa rahisi kutuma, mwanamke mmoja Esther Howland akazigeuza biashara kule Massachusetts, Marekani, na 1969 Kanisa Katoliki likamwondoa Valentine kwenye kalenda yake kuu, kwa hiyo anayesema ni siku ya Wakatoliki hii naye akasome. Waridi za Naivasha na wale wafanyakazi wanaozikata usiku na mchana kuwahi ndege za Ulaya nilitaka niziongelee vizuri lakini haiwezekani kwa dakika mbili, niulizeni kwenye maswali, karibuni.