Kuajiriwa na Kuanza Kazi katika Ghala la Vifurushi: Mhadhara kwa Waliofika Louisville Karibuni

Wazee wetu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mlioketi karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kazi ya ghalani, na kabla hatujaanza wengi mmeniambia kwamba mnachokihofia ni uzito wa mizigo. Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Katika miaka niliyoifanya kazi hii nimewaona watu wenye nguvu za kubeba gunia la mahindi begani wakiipoteza kazi ndani ya wiki mbili, na si maboksi yaliyowashinda, bali karatasi na saa.

Kwanza tuelewe kwa nini kazi hii iko hapa. Kampuni ya kusafirisha vifurushi ya UPS iliufanya mji huu kuwa kituo chake cha ndege za usiku mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2002 ikafungua jengo liitwalo Worldport kwenye uwanja wa ndege ambao tangu 2019 unabeba jina la Muhammad Ali, mzaliwa wa mji huu, yuleyule ambaye wazee wetu walimshangilia Kinshasa mwaka 1974. Mitambo ya jengo hilo inaweza kuchambua vifurushi 416,000 hivi kwa saa moja. Ndege hutua usiku kutoka pande zote za Marekani, mizigo ikashushwa, ikachambuliwa na kupakiwa upya, kisha zikaruka tena kabla ya mapambazuko ili aliyeagiza mzigo Boston au Denver aupate asubuhi. Ndiyo maana zamu kubwa hapa ni ya usiku, ni fupi, kwa kawaida haizidi saa tano, na msimamizi hana subira na mtu aliyekosa basi.

Maombi ya kazi hufanywa kwa simu au kompyuta, na kwa kazi ya kupakia na kushusha mara nyingi hakuna usaili mrefu, wala Kiingereza chako hakipimwi sana. Kinachohitajika ni barua pepe. Wengi wetu barua pepe tulifunguliwa na mtoto wa jirani, nywila anaijua yeye, na ujumbe wa kukuita kazini unaweza kukaa humo siku tano hadi nafasi ikapewa mwingine. Fungua ya kwako, uisome asubuhi na jioni. Na jina uliandike kama lilivyo kwenye I-94, ile hati uliyopewa ulipoingia nchini, hata kama kule kambi ya wakimbizi walilipindua, la ukoo likawekwa mahali pa la kwanza. Siku ya kuzaliwa vivyo hivyo: ikiwa waliokusajili walikuandikia tarehe 1 Januari, kama walivyowaandikia nusu ya waliomo ukumbini humu, basi kwenye fomu wewe umezaliwa tarehe 1 Januari. Kusahihisha kuna utaratibu wake na si kazi ya kufanywa kwenye fomu ya ajira.

Ukipata kazi utajaza fomu ya I-9, inayothibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi nchini. Sheria inampa mwajiri siku tatu za kazi tangu siku yako ya kwanza kuziona hati zako, na wa kuchagua hati zipi za kuonyesha kati ya zile zinazokubalika ni wewe, si yeye. Kwa mkimbizi, I-94 inayoonyesha kwamba uliingia kwa hadhi hiyo inapokelewa kama risiti, yaani hati ya muda, kwa siku 90. Ndani ya siku hizo unatakiwa kupeleka kadi ya ruhusa ya kazi, au kitambulisho cha jimbo pamoja na kadi ya hifadhi ya jamii, Social Security, isiyo na masharti. Nasisitiza siku hizo 90 kwa sababu zinapita haraka kuliko mnavyodhani. Na mtu yeyote anayekudai fedha ili akutafutie kazi ya ghalani, mwache aende zake.

Sasa nije kwenye saa, jambo ambalo hakuna mkalimani aliyewahi kunieleza. Ratiba yangu ya kwanza, katika ghala ambalo sitalitaja, iliandikwa kwamba nianze Jumanne saa 12:15 AM. Mimi nimelelewa kwa saa za Kiswahili. Nilijua kwamba hiyo ni saa sita na robo usiku, nikajipongeza kwa kuijua. Nililala Jumatatu kwa raha zangu, nikafika Jumanne usiku nimevaa viatu vipya. Msimamizi aliniambia nimechelewa kwa siku nzima, maana kwa Wamarekani siku inaanza saa sita usiku, kwa hiyo zamu yangu ilikuwa usiku wa kuamkia Jumanne. Sikurudishwa kazini. Kwa hiyo ukiiona AM mbele ya 12, toka nyumbani jioni ya siku iliyotangulia. Ukisoma 11:00 PM, usiitamke kuwa saa kumi na moja, ni saa tano usiku. Ukisoma 03/07, huo ni mwezi wa tatu, tarehe saba. Muulize aliyekuajiri, mtamkiane siku na saa, na aliye tayari kukucheka na akucheke.

Ndani ya trela ndiko mnakohofia, na ndiko ambako wengi wenu mna ujuzi msioujua. Mliojenga nyumba za matofali ya udongo kambini Nyarugusu, Tanzania, mnajua kwamba tofali la juu hukaa juu ya kiungo cha mawili ya chini, la sivyo ukuta unapasuka. Maboksi hupangwa hivyohivyo: mazito na mapana chini, mepesi juu, ukuta hadi karibu na dari, ndipo unaanza mwingine. Lebo iangalie juu au ikuelekee wewe, kwa kuwa skana lazima iisome. Tofauti na gunia ni kwamba gunia ulilibeba mara moja ukapumzika, ilhali hapa utainama na kuinuka mamia ya mara katika zamu moja, na mgongo unaumizwa na lile boksi dogo uliloliokota huku umejipinda kiuno. Kunja magoti, ubane mzigo karibu na kifua, ugeuke kwa miguu. Boksi lenye uzito unaozidi pauni 70, yaani kilo 32 hivi, hubandikwa alama ya pekee. Likija, ita mwenzako. Nimewaona vijana wetu wakilinyanyua peke yao ili wasionekane wanyonge, na hakuna msimamizi aliyewapa tuzo.

Kuhusu malipo nitasema machache. Mkataba wa UPS na chama cha wafanyakazi cha Teamsters wa mwaka 2023, unaoisha 31 Julai 2028, uliweka kiwango cha chini cha dola 21 kwa saa kwa wafanyakazi wa muda. Katika jimbo letu hili la Kentucky kujiunga na chama ni hiari tangu 2017. Mjue tu kwamba katika kipindi cha majaribio chama hakina uwezo mkubwa wa kukutetea ukiachishwa, na kwamba wanaoajiriwa kuelekea Krismasi mara nyingi ni wa msimu, kwa hiyo uliza kabla hujatia sahihi. Vijana wa mlangoni, kuna mpango uitwao Metropolitan College, ulioanza 1998, ambao humlipia ada ya chuo kikuu au chuo cha jamii cha hapa mjini anayefanya zamu ya usiku UPS. Ni mgumu, mtalala darasani, lakini karo nyingine za nchi hii mmeshaziona.

Mama mmoja ameniuliza pale nje kama ataruhusiwa kuvaa hijabu na sketi yake ndefu. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inamtaka mwajiri akubali mavazi ya dini pale inapowezekana bila kumletea mzigo mkubwa, lakini mkanda wa mizigo haujui dini, unavuta chochote kinachoning'inia. Hijabu fupi iliyochomekwa ndani ya fulana kwa kawaida haina tatizo. Sketi ndiyo inayozua maneno, hasa penye ngazi na roli za sakafuni, vile vyuma vinavyozunguka kusogeza mizigo. Lieleze jambo hilo mapema, kwa maandishi, kabla ya siku ya kwanza, na uwaulize wanakubali vazi gani badala yake. Anayehitaji kuiandika barua hiyo leo, nina kalamu, na nitabaki hapa hadi watakapofunga ukumbi.