Kiti cha May Chidiac

MWINYI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa hapa Dar na nyinyi mlioko mbali. Mimi Mwinyi. Leo mwenye mazungumzo ni Dada Zuhura, na kabla hatujawasha vipaza sauti alishaniambia, "Leo usinikatize sana."

ZUHURA: Na wewe umeitikia, wasikilizaji ni mashahidi. Nimekulia Muscat, Mwinyi. Nyumba ya Kiswahili, wazee wetu wametoka Unguja. Bibi yangu Kiarabu alikielewa vizuri kuliko alivyokisema. Lakini dishi la satalaiti lilipofika nyumbani miaka ya 1990, rimoti aliishika yeye, na akaenda moja kwa moja LBC, televisheni ya Lebanon. Pale alikuwapo mtangazaji wa habari, May Chidiac. Bibi akimtazama hivi, anasema, "Huyu hababaiki."

MWINYI: Wengi wetu jina hilo tulilisikia pamoja na bomu.

ZUHURA: Ndiyo ninachotaka kukirekebisha leo. Huyu mama alikuwa mtangazaji miaka mingi kabla hajalipuliwa. Aliingia LBC miaka ya 1980, kituo chenyewe kikiwa kichanga, kimeanzishwa 1985 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka. Akasoma habari, akahoji wanasiasa, akafundisha vijana uandishi katika chuo kikuu cha Notre Dame kule Louaize. Bomu lilimkuta kazini. Yeye kazi alishaifanya.

MWINYI: Tuwekee mazingira basi. Lebanon ya 2005.

ZUHURA: Nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 10,452.

MWINYI: Mkoa wetu wa Pwani unaimeza mara tatu!

ZUHURA: Na ndani ya udogo huo wamo Wakristo wa Kimaroni, Washia, Wasuni, Wadruzi wenye dini yao wenyewe, na juu yao jeshi la Syria, ambalo liliingia 1976 na halikutoka. Tarehe 14 Februari 2005, waziri mkuu wa zamani Rafik Hariri anauawa kwa bomu kubwa Beirut. Watu wanajaa barabarani wakitaka jeshi hilo liondoke, na mwezi Aprili askari wa Syria wanaondoka, baada ya miaka 29. Ungedhani hofu imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza wakosoaji wa Syria wanaanza kuuawa mmoja mmoja. Juni 2, Samir Kassir, mwandishi wa gazeti la An-Nahar, bomu ndani ya gari lake. Wiki tatu hazijatimia, George Hawi, kiongozi wa zamani wa chama cha kikomunisti, naye gari.

MWINYI: Kwa hiyo mtu akiwasha gari asubuhi, anajua.

ZUHURA: Anajua. Na May anajua zaidi, maana yeye anahoji mambo hayo hayo hewani. Jumapili, Septemba 25, ameongoza kipindi cha asubuhi, *Naharkom Said*, yaani "siku yenu iwe njema". Meza inaizungumza Syria, inauzungumza uchunguzi wa Umoja wa Mataifa kuhusu kifo cha Hariri, ambao ripoti yake ilikuwa inasubiriwa. Kipindi kinakwisha. Anakwenda kwenye nyumba ya watawa ya Mtakatifu Charbel, mtakatifu anayependwa sana Lebanon, hata Waislamu wanakwenda kule kuomba. Baada ya hapo, maeneo ya Jounieh, kaskazini ya Beirut, bomu lililotegwa chini ya kiti cha dereva linalipuka naye akiwa ndani ya gari.

MWINYI: Siku iwe njema.

ZUHURA: Alipoteza mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti, na mkono wa kushoto. Akaungua. Operesheni zilifuata kwa makumi, Beirut halafu Ufaransa. Na yeye yuko kwenye matibabu hayo, Desemba 12, mhariri wa An-Nahar, Gebran Tueni, naye anauawa kwa bomu la garini. Fikiria unajifunza kusimama upya, na simu inakuletea habari hiyo.

MWINYI: Dada, naomba niingie hapa, si kukukatiza. Mimi nimefanya kipindi cha asubuhi redioni, na televisheni nimekaa mwaka mmoja na nusu. Watu wanadhani kutangaza ni mdomo. Ni mikono! Mkono wa kulia una kalamu, wa kushoto umeshika karatasi. Mtayarishaji anakwambia kitu sikioni, unakigusa kifaa cha sikioni kwa kidole kukikaza, huku unamtazama mgeni usoni asijue kwamba umesikiliza kwingine. Karatasi ukiimaliza unaisukuma chini ya nyingine bila sauti, kwa sababu kipaza sauti kinasikia kila kitu. Nilipokuwa najiandaa kwa kipindi hiki nilikaa mezani nyumbani, mkono wa kushoto nikauweka nyuma ya mgongo, nikajaribu kugeuza karatasi sita. Ya pili tu ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena.

ZUHURA: Ulikuwa hukuniambia hilo.

MWINYI: Nilitaka nikwambie hapa. Maana huyu mama alirudi.

ZUHURA: Alirudi. Julai 2006, miezi kumi baadaye. Na angalia wakati wenyewe. Tarehe 12 mwezi ule vita kati ya Israel na Hizbullah, kundi la Kishia la Lebanon lenye silaha, vimeanza, madaraja yanapigwa, uwanja wa ndege wa Beirut umepigwa. Katika hali hiyo May Chidiac anakaa kitini LBC, na mkono wa bandia na mguu wa bandia, na anaanza kuhoji. Kipindi chake kikaitwa *Bi Kol Jor'a*, kwa ujasiri wote. Mtu mwingine ningesema jina limepita kiasi. Yeye alikuwa amelilipia.

MWINYI: Na ile tuzo ya UNESCO aliyopewa ilikuwa kabla ya kurudi?

ZUHURA: Mwaka huo huo, 2006. UNESCO ilimpa Tuzo ya Guillermo Cano ya uhuru wa vyombo vya habari. Cano mwenyewe alikuwa mhariri wa El Espectador, Colombia, aliyeandika dhidi ya wauza dawa za kulevya mpaka wakampiga risasi mbele ya ofisi ya gazeti lake, Bogotá, Desemba 1986. Ukiipokea tuzo ile unapokea na jina la marehemu. May aliipokea hai, na hilo kwangu ni kubwa.

MWINYI: Sasa nina swali ambalo limenikaa kooni. LBC ilianzishwa na Lebanese Forces, kundi la wapiganaji wa Kikristo lililokuja kuwa chama cha siasa. May hakuficha yuko upande gani. Mwaka 2019 akawa waziri wa nchi, maendeleo ya utawala, kwa tiketi ya chama hicho hicho. Je, huyu ni mwandishi wa habari, au mwanasiasa aliyekuwa na kipaza sauti?

ZUHURA: Swali la haki. Lakini itazame Lebanon yenyewe. Vita vilikwisha 1990, na leseni za televisheni zilipogawiwa katikati ya miaka ya 1990, kila mkubwa alipata yake. Future TV ya Hariri, NBN ya watu wa Spika Nabih Berri, Al-Manar ya Hizbullah. Mtangazaji asiye na upande angekaa kituo gani? Mimi ninampima mtu kwa jambo jingine: je, anauficha upande wake, au mtazamaji anaujua na anaweza kumsikiliza akiwa na akili zake? Bibi yangu alijua. Akisema, "Huyu wa akina fulani, lakini anauliza."

MWINYI: Bado linanikwama, dada. Mtu akiamka waziri, maswali yote aliyouliza jana nitayasikiliza upya kwa sikio jingine.

ZUHURA: Yasikilize. Ila usisahau 2009. Kituo kile kilikuwa na mgogoro wa nani mwenye mali, chama na uongozi wa kituo wamefikishana mahakamani. May akatangaza kujiuzulu akiwa hewani, ndani ya kipindi chake. Baada ya hapo akaanzisha taasisi yenye jina lake ya kufundisha watu wa habari. Na hata huo uwaziri haukufika mwaka. Maandamano ya Oktoba 2019 yalipoanza, mawaziri wanne wa chama chake walijitoa serikalini katika siku za mwanzo, na yeye mmoja wao.

MWINYI: Hilo nalikubali. Wapo wanaong'ang'ania.

ZUHURA: Nimtaje na Gisèle Khoury, maana wawili hawa siwezi kuwatenga. Naye alianzia LBC, akaja televisheni ya habari ya Al Arabiya ilipoanza 2003, halafu BBC ya Kiarabu. Alikuwa mke wa yule Samir Kassir. Mumewe alipouawa, akaanzisha wakfu kwa jina lake, na kituo cha SKeyes kinachoandika kila mwandishi anayekamatwa au kupigwa katika nchi za Kiarabu za jirani. Alifariki Oktoba 2023, kwa maradhi.

MWINYI: Mwezi ule ule Issam Abdallah, mpiga picha wa Reuters, aliuawa kusini ya Lebanon kwa makombora ya Israel. Na Novemba, mwandishi Farah Omar na mpiga picha wake Rabih Maamari, wa Al Mayadeen, televisheni ya Beirut iliyo karibu na Hizbullah. Farah alikuwa na miaka 25, ametoka kurusha habari moja kwa moja muda mfupi tu kabla.

ZUHURA: Al Mayadeen na May Chidiac kisiasa ni mbingu na ardhi. Kwangu Farah ni binti wa kazi ile ile.

MWINYI: Na waliomtega May?

ZUHURA: Hakuna aliyehukumiwa. Mahakama Maalumu ya Lebanon, iliyokaa Uholanzi kwa ajili ya Hariri, iliunganisha mashambulizi mengine matatu, la Hawi likiwemo. La May halikuwemo. Yeye anaishi na mguu ule, na faili halina jina la mtu.

MWINYI: Usiku ule aliporudi hewani, bibi alikuwa hai bado?

ZUHURA: Alikuwa hai, na mimi niko chini kwenye zulia, nimeegemea magoti yake. Picha ikafunguka, May yuko pale. Mama akaanza kulia. Bibi akasogea mbele, akainua rimoti akaongeza sauti, akasema, "Kakaa. Nyamazeni tusikie anauliza nini."