Chini ya Sauti ya Mvua

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja hapa Kaloleni jioni ya leo.

Nataka tuzungumzie zile rekodi ambazo ukizisikiliza unasikia mvua tu, huku muuzaji akikuhakikishia kwamba chini yake kuna maneno yasiyosikika ila akili inayapokea: "Najiamini", "Nakumbuka nilichosoma". Vijana wetu wanazisikiliza kwenye matatu kutoka Githurai, na usiku simu inalala chini ya mto. Ya kujiamini ikiisha, inaanza ya pesa, kisha ya kumbukumbu.

Imani hii ilipata nguvu mwaka 1957, pale James Vicary, mtafiti wa masoko wa Marekani, alipotangaza kwamba katika sinema moja huko Fort Lee, New Jersey, aliwaonyesha watazamaji maneno ya kuwahimiza wale bisi na wanywe Coca-Cola, kwa kasi isiyoonekana, na mauzo yakapanda. Mwaka 1962 alikiri kwamba data yake ilikuwa kidogo mno kuwa na maana.

Lakini utafiti ninaotaka mwondoke nao ni wa mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake, uliochapishwa 1991. Watu walipewa kaseti za kumbukumbu na za kujithamini, baadhi zikiwa zimebadilishwa lebo makusudi. Walisikiliza kila siku kwa wiki kadhaa, kisha wakapimwa. Kaseti hazikuleta yale yaliyoahidiwa. Hata hivyo, zaidi ya theluthi moja ya washiriki waliamini wameimarika katika kile kilichotajwa kwenye lebo, kama vile kumbukumbu, hata pale ambapo ndani ya kaseti mlikuwa na kitu kingine kabisa!

Hapo ndipo ninapoumia kuona mtu anaruka kutoka rekodi moja hadi nyingine. Matumaini ya lebo ya kwanza yakipoa, ananunua lebo mpya, na matumaini yanachemka tena. Mwaka unakwisha na hajui kama hata moja ilimsaidia. Anayejiandaa kwa mtihani wa uhasibu wa KASNEB hana mwaka wa kupoteza namna hiyo.

Kama huwezi kuacha, basi jipime. Mwombe rafiki aweke kwenye simu yako faili mbili, moja ya rekodi hiyo na nyingine ya mvua tupu, azipe namba na asikwambie ipi ni ipi. Sikiliza kila moja kwa wiki kadhaa. Kila Jumapili akuulize maswali ya yale uliyosoma, aandike alama. Namba afichue mwishoni, alama zote zikishaandikwa.