Mama Aliuliza Springi Zimeenda Wapi
Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi wa magari na madereva, Morogoro

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Mliosimama mlangoni sogeeni, viti vipo huku mbele.

Nianze na mama yangu. Mdogo wangu alinunua gari dogo lililotoka Japani na matairi yake ya 195/65 R15. Miezi miwili baadaye akaona zile rimu za chuma ni za kizee. Akazivua, akafunga rimu za kung'aa za inchi 18 na matairi ya 225/40. Gari likapendeza, siwezi kumnyima haki yake. Jumapili akampakia mama kiti cha nyuma kwenda kanisani, kilomita nne za lami iliyobanduka. Mama aliposhuka alijishika kiuno, akauliza: "Mwanangu, springi za hili gari umeziuza?"

Springi zilikuwepo, na shokapu zilikuwa mpya. Alichouza ni ubavu wa tairi.

Tusome namba. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia, maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana ule. 15 ni inchi za rimu. Asilimia 65 ya 195 ni karibu milimita 127. Haya, asilimia 40 ya 225? Naam, 90. Sasa pima gurudumu zima, rimu na mpira wake: la kwanza lina kipenyo cha sentimita 63.5, la pili 63.7. Gurudumu halijakua! Kilichokua ni chuma. Mpira na upepo uliomo ndani ndivyo vilivyopungua, sentimita 3.7 kati ya rimu na barabara.

Ndiyo maana neno "matairi makubwa" linatupoteza. Anayefunga rimu kubwa na anayefunga gurudumu kubwa wote wanasema wameweka matairi makubwa, kumbe mmoja kapunguza starehe na mwenzake kaiongeza.

Njooni ubaoni niwaonyeshe huyu wa pili. Chukueni shimo lenye urefu wa sentimita 30, tunayo mengi. Tuseme gurudumu ni gumu kabisa, halibonyei, ili hesabu iwe nyepesi. Bajaji ina tairi la 4.00-8, kipenyo chake kama sentimita 42. Likipita juu ya shimo lile linazama sentimita 6 na ushee kabla ya kugusa ukingo wa pili. Gurudumu la gari la mdogo wangu linazama karibu 3.8. Basi la mkoani, gurudumu lake lina kipenyo cha zaidi kidogo ya mita moja: linazama 2 na kitu. Shimo ni lilelile. Bajaji inaliona shimo, gari dogo linaliona bonde, basi halina habari nalo.

Na bajaji ina balaa jingine. Gari la magurudumu manne unaweza kulipitisha shimo katikati ya miguu. Bajaji ukikwepesha ya nyuma, la mbele liko katikati linakusubiri. Dereva wa bajaji asiyeumwa mgongo nikimkuta nitampigia saluti.

Sasa mtu ataniuliza, si ndiyo kazi ya springi na shokapu hiyo? Sikilizeni vizuri, hapa ndipo wanafunzi wangu huchanganyikiwa. Springi ya gari dogo, ukiikalia kilo 20 hadi 30 kule gurudumuni, inashuka sentimita moja. Tairi lenye upepo wake linataka kama kilo 200 ndipo libonyee sentimita hiyo. Kwa hiyo tairi ni springi ngumu kuliko ile ya gari, karibu mara saba hadi kumi. Lakini ili springi ya gari ifanye kazi, lazima kwanza gurudumu zima lipande: rimu, tairi, diski ya breki, habu, vyuma vyote vile. Huo ni mzigo, na mzigo hauruki kwa sekunde moja ya mia. Kokoto, kingo ya kiraka cha lami, yale matuta madogo ya rasta, hayo yanakuja haraka kuliko gurudumu linavyoweza kupanda. Kinachoyameza ni mpira wenyewe kwa kubonyea. Ubavu ukiwa mfupi hakuna pa kubonyea, pigo linapita kwenye chuma na kumfikia mama. Tena rimu ya inchi 18 mara nyingi ni nzito kuliko ile ya 15, kwa hiyo gurudumu linazidi kuwa zito wa kupanda.

Sisemi wanaotengeneza rimu kubwa ni wajinga. Ubavu mfupi haulali gari likikata kona, usukani unaitika mara moja, na ndani ya rimu kubwa inaingia breki kubwa. Kwenye lami iliyonyooka kama kioo ningefunga mimi mwenyewe. Nionyesheni hiyo lami.

Twende kwenye upepo. Chukueni gari la kilo 1,200, kila gurudumu limebeba 300. Ukijaza psi 30, yaani kile kipimo cha msukumo wa upepo kwenye geji, mpira unaogusa barabara ni kama sentimita za mraba 140, kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Jaza 45, unabaki na 95. Tairi limekuwa gumu, linadunda, kila kokoto unaihesabu, na breki kwenye barabara mbovu hazishiki vizuri kwa sababu tairi linatumia muda mwingi hewani. Bado kuna madereva wanaomwambia fundi pancha "jaza, jaza, tunasafiri", utadhani upepo ni mafuta.

Kwa hiyo tupunguze? Kidogo tu chini ya kipimo, gari linalainika, ni kweli. Wanaovuka mchanga hushusha hadi 15 au 18 makusudi, wanakwenda polepole, wakifika lami wanajaza tena. Ila ukikimbiza tairi la psi 20 kutoka hapa hadi Dar, ubavu unakunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko, joto linapanda, nyuzi za ndani zinaachana. Likipasuka ukiwa kwenye 100, starehe ulizozipata Chalinze hazitakumbukwa.

Kipimo kiko wapi? Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Magari ya Japani yana kibandiko pale. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba ni zilezile: ukiona 220, na pembeni 2.2, hiyo ni psi 32. Namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, msiijaze hiyo. Na pima asubuhi, gari halijatembea, maana kila joto likipanda nyuzi 5 au 6, upepo unapanda kama psi moja. Kupiga teke hakupimi kitu. Tairi la radial, ndiyo ile R ya R15, huvimba kidogo chini hata likiwa sawa, jicho halitakusaidia.

Na haya si mambo mapya. Robert William Thomson, Mskoti, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, kabla gari la petroli halijakuwepo. Likasahaulika, hadi mwaka 1888, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, kule Belfast, alipomfungia mwanawe mpira wa upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, kwa sababu mtoto alikuwa akitikiswa na mawe ya barabarani. Tairi la upepo tunalolijua leo lilirudi duniani kwa ajili ya makalio ya mtoto mmoja.

Naam, swali pale nyuma. Naitrojeni? Hewa ya bure ya kompresa ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari. Kwa starehe, psi 32 ya naitrojeni na psi 32 ya hewa kiti hakiwezi kuzitofautisha. Faida yake ni kwamba inavuja polepole kidogo na haina unyevu. Ukiipewa bure, chukua.

Mdogo wangu? Alirudi kwenye 195/65 baada ya rimu mbili kupinda kwenye shimo moja. Zile za 18 bado ziko stoo, hajapata mnunuzi.

Haya, tutokeni. Kuna gari nne zimelala pale chini ya mwembe tangu jana, hazijapata moto. Geji ninayo. Kabla hatujapima, kila mmoja aniambie kwa macho lipi lina upepo mdogo, tuone nani atapatia.