Mbona Hakuna "Jibahari"

Asalaam aleikum, na habari za jioni. Nimepewa dakika 20, na aliyenialika ananijua vizuri, ndiyo maana kakaa karibu na swichi ya kipaza sauti.

Nianze na insha. Wiki hii nimesahihisha kazi za vijana wanaojifunza kuandika hadithi, na mada ilikuwa bahari. Karibu wote wameandika "bahari ilikuwa kubwa sana". Mmoja akaona haitoshi, akaandika "kubwa sana sana mno". Simlaumu. Lakini vijana hawa wamekulia Unguja hapa hapa, na majumbani kwao hakuna anayesema hivyo. Mvuvi akirudi ukamwuliza habari za bahari, atakwambia imechafuka, au ni shwari, au maji mafu, au mkondo unavuta. Hatakwambia ni kubwa. Akwambie ya nini?

Tufanye jaribio. Kiswahili kina njia yake ya kukuza vitu. Nyoka akizidi ni joka. Nyumba, jumba. Ndege, dege. Mji ukizidi ni jiji, ukipungua ni kijiji, na mzizi ni ule ule. Mtu, jitu. Haya, bahari?

[Sauti ukumbini: "Jibahari!" Kicheko.]

Mmecheka wenyewe. Najua mitaani Dar es Salaam utasikia "libahari", ila anayelisema anatania. Tazameni: nyoka tunajua kiasi chake, akikipita ndipo anapokuwa joka. Tena kuna kebehi ndani yake, maana jitu si mtu mrefu tu, linatisha na kukirihisha. Bahari haina kiasi cha kawaida ikakipita. Yenyewe ndiyo pishi tunayopimia vingine. Tunasema elimu ni bahari. Mtu akijua mengi, naye tunamwita bahari.

Ukitaka kuitukuza, huipi "kubwa", unaipa "kuu". Na hayo si mamoja. Mwalimu mkuu anaweza kuwa mfupi kuliko wanafunzi wake wa darasa la saba, akabaki mkuu. Kuu ni cheo. Kwa wanasheria, bahari kuu ni ile isiyo ya nchi yoyote, ng'ambo ya maili 200 za baharini. Kwa mwenye ngalawa inaanza mapema zaidi, pale anapouvuka mwamba na maji yakageuka rangi chini ya chombo chake. Hapo ameingia kilindini. Kilindi nacho msikichanganye na kina. Kina ni kipimo. Hata kisima kina kina. Kilindi ni mahali, na mahali hapo pana hofu yake. Ukitoka Unguja kwenda bara, chini yako ni makumi ya mita tu. Ukitoka Pemba kwenda bara, unapita juu ya mita zipatazo 800. Waliovuka kote kuwili hawahitaji kuambiwa tarakimu.

Zamani mabaharia walishusha bildi, yaani risasi iliyofungwa kamba, kisha wakaihesabu kamba kwa pima. Nyoosheni mikono yote miwili. Kutoka ncha ya vidole vya huku hadi vya kule, hiyo ndiyo pima moja, mita 1.8 hivi. Maji yaliyoweza kumzamisha mtu yalipimwa kwa kifua cha mtu. Na palipo maji machache tunasema maji ya magoti, maji ya kiuno. Hata mbali tunapaita upeo wa macho: si mwisho wa bahari, ni mwisho wa macho yetu. Na macho yenyewe hayafiki mbali, mabwana. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama mchangani pale Paje, upeo wake uko kilomita 4 na kitu tu. Yule aliyeandika "sana sana mno" aliiona hiyo tu.

Wageni walipofika huku nao walitafuta maneno. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad, alivuka Bahari ya Zanji mara ya mwisho mwaka 304 wa Hijra, kutoka Qanbalu, ambayo wengi wanasema ilikuwa Pemba, akienda Oman. Ameandika kwamba mabaharia wa bahari hii waliliita wimbi lake kipofu: linainuka kama mlima, linashuka kama bonde, wala halivunjiki wala halitoi povu. Hebu mlinganishe hilo na "wimbi kubwa". Kipofu hakuoni, kwa hiyo hawezi kukuonea huruma. Mimi ningeuza insha zangu zote kwa neno hilo moja.

Sasa jambo lililonileta hasa. Nani ana kamusi hapa? Wewe, mwanangu, inua juu. Asante. Neno kamusi ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni bahari, tena ya vilindi. Mwanachuoni wa Kiajemi, al-Firuzabadi, aliyefariki Zabid huko Yemen mwanzoni mwa karne ya 15, alitunga kitabu cha maneno ya Kiarabu akakiita al-Qamus al-Muhit, yaani bahari izungukayo yote. Kitabu kikavuma hata jina lake likawa jina la kila kitabu cha maneno. Sisi tukalipokea bila kuuliza. Kwa hiyo mtoto anayetafuta neno la kuieleza bahari ndani ya kamusi amekwisha kuishika mkononi.

Na washairi ndiyo kabisa. Mwalimu wa ushairi akikuuliza shairi hili ni la bahari gani, anataka ujibu utenzi, au tarbia, au ukawafi. Hilo nalo tumelirithi kwa al-Khalil bin Ahmad, mzaliwa wa Oman aliyeishi Basra karne ya 8, aliyepanga mizani za mashairi ya Kiarabu katika bahari 15. Ya 16 ikaongezwa baadaye. Wenyewe husema zimeitwa bahari kwa kuwa hazikauki hata uchote vipi.

Wazee wetu waligeuza darubini upande wa pili: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Chungu hapa si cha kupikia, wala si ladha. Ni sisimizi.

Nimeulizwa mlangoni, je, na viumbe wakubwa? Mafia yupo papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, mita 10 si ajabu kwake. Wavuvi wa Kenya humwita papa shilingi kwa madoa meupe ya mgongoni. Ukubwa wote ule, wakahesabu sarafu!

Naona kidole kiko kwenye swichi. Mwezi ulikuwa mpevu jana, kwa hiyo kesho ni bamvua, na saa nne asubuhi maji yatakuwa yamepwa hasa. Waandishi wa zile insha nawasubiri pwani. Mtaona kwa nini panaitwa pwani. Njooni na daftari, na viatu vya kukanyagia mawe.