Mfuko wa saa 18: jinsi Dendreon ilivyopanda na kuanguka

Ndugu zangu wa Lubumbashi, habari za mchana. Dendreon ilikuwa kampuni ya Seattle, Marekani. Ilileta sokoni dawa moja ya saratani, Provenge, ikafilisika ikiwa nayo mkononi. Wengi husema iliuawa na bei. Mimi naanza na mfuko wa plastiki wa mililita 250, maana hesabu yote imo humo.

Provenge si kidonge. Ni chembe hai (seli) za kinga za mgonjwa mwenyewe. Mzee mwenye saratani ya tezi dume, iliyosambaa na kukataa tiba ya homoni, anaketishwa kwenye kituo cha damu. Damu inatoka mkono mmoja, inapita kwenye mashine inayochuja chembe nyeupe, iliyobaki inamrudia kwa mkono wa pili. Kazi hiyo inachukua saa tatu hadi nne. Mishipa yake ikiwa myembamba, anawekewa katheta, yaani mrija wa mshipani, nayo katheta inaweza kuleta maambukizi na damu kuganda.

Chembe zinasafirishwa hadi kiwandani. Huko zinachanganywa na protini yenye sehemu mbili: PAP, ambayo ni alama ya chembe nyingi za saratani hiyo, na GM-CSF, kichocheo cha kuamsha chembe za kinga. Zinakaa pamoja saa 36 hadi 44, kisha zinaoshwa, zinatiwa kwenye maji ya Ringer, yale ya chumvi yanayotundikwa mshipani, na kupimwa. Chembe za aina inayotakiwa zisipofika milioni 50, mfuko unatupwa na mzee anarudi kwenye mashine.

Ukipita, una saa 18 tu za kuishi. Hauruhusiwi kutoka kwenye sanduku lake mpaka mgonjwa awe tayari. Nusu saa kabla, anapewa parasetamoli na dawa ya mzio, kwa sababu chembe zikiingia huleta homa na kutetemeka. Zinaingia mshipani kwa dakika 60. Zikikatizwa, na mfuko ukakaa nje zaidi ya saa tatu, hauendelezwi. Na mzunguko huu wote unafanywa mara tatu, takriban kila wiki mbili. Sisi tunaoijua foleni ya malori ya mpakani Kasumbalesa tunaelewa saa 18 maana yake nini. Wao walikuwa na ndege na barabara nzuri, na bado ilikuwa shughuli.

Sasa fedha. Marekani iliidhinisha dawa tarehe 29 Aprili 2010. Katika jaribio la wagonjwa 512, wastani wa kuishi ulikuwa miezi 25.8 kwa waliopewa dawa, na 21.7 kwa waliopewa ya kuigiza. Miezi minne na kidogo. Bei ya wakati huo: dola 31,000 kwa mfuko, 93,000 kwa mitatu.

Na hapa pana jambo ambalo wanauchumi hulipita haraka. Kwa walio wengi Provenge haikushusha PSA, kipimo cha damu ambacho daktari na mgonjwa hukitazama kila mara. Uvimbe nao haukupungua. Daktari alitoa dawa ghali na hakuona chochote kwenye karatasi. Tena alipaswa kuinunua kwanza, ndipo apeleke fakture kwa bima. Fikirini kliniki ndogo yenye wagonjwa watano: karibu dola nusu milioni imetoka ndani ya mwezi mmoja, na haijulikani itarudi lini. Bima ya serikali ya wazee, Medicare, ilitoa uamuzi wake wa mwisho wa kulipia tarehe 30 Juni 2011. Kwa madaktari wengi hofu ilikuwa imeshaingia.

Kampuni, kwa upande wake, ilikuwa imeshajenga. Kwenye kiwanda cha New Jersey iliongeza cha California na cha Georgia, ikakopa dola milioni 620. Ni kama mgodi uliofungua mashimo matatu kabla ya kupata mnunuzi: mishahara na mashine havingoji. Chumba kisicho na vijidudu cha kutengenezea chembe kinakula fedha ileile, kikiwa na wagonjwa kumi au mia. Mwezi Agosti 2011 Dendreon iliondoa makadirio yake ya mauzo, na hisa zikapoteza zaidi ya nusu ya thamani kwa siku moja.

Kufika hapo vidonge vya saratani hiyohiyo vilikuwa vimeanza kuingia: abiraterone Aprili 2011, na mwaka mmoja baadaye enzalutamide, Agosti 2012. Vinamezwa nyumbani, na PSA inashuka. Kwa maoni yangu, hata kwa nusu ya bei ile mfuko ungepata tabu kushindana na chupa ya vidonge.

Novemba 2014 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Valeant, kampuni ya dawa ya Kanada, ilinunua mali zake mwaka 2015, na mwaka 2017 ikaziuza kwa kampuni ya Sanpower ya China kwa takriban dola milioni 820. Dawa ilibaki sokoni.

Kile kiwanda cha New Jersey kilikuwa kimeshauzwa kwa Novartis, kampuni ya dawa ya Uswisi, mwishoni mwa 2012, kwa dola milioni 43. Ndimo ilimotengenezwa Kymriah, tiba ya chembe za mgonjwa mwenyewe kwa saratani ya damu, iliyoidhinishwa Agosti 2017 kwa bei ya dola 475,000. Yenyewe hugandishwa kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo saa 18 haziihusu.